Mjukuu wa Sultani Asiye na Cheo

Huko Busi, katika Wilaya ya Kondoa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nyanda za kati za nchi yetu, mzee akikutana na mtoto asiyemfahamu humwuliza baada ya maamkizi: "Wewe u mtoto wa nani?" Swali hilo si baya. Ni swali la udugu, na kwalo mzee hupata kujua amwitaje mtoto huyo, na amtume kwa nani. Lakini limo ndani yake swali la pili ambalo halitamkwi, nalo ni hili: je, kwa kuwa tumejua baba yako na babu yako, tumekwisha kujua utakuwa nani?

Wako watu hata leo wanaodhani kwamba jibu ni ndiyo. Hudhani kuwa damu ya wakubwa huzaa wakubwa, na kwamba mtoto wa mkulima hana budi kushika jembe kwa sababu jembe ndilo alilorithi. Sisi twaona kuwa jambo hili lafaa litazamwe kwa mfano wa mtu aliyepata kuishi, tena mtu ambaye nasaba yake haina shaka. Ikiwa nasaba peke yake hufanya mtu, basi mtu huyo angalitosha kutuonyesha.

Mtu tumtakaye ni Rudolph Said-Ruete. Babu yake mzaa mama alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Hata hivyo Rudolph hakuzaliwa na cheo chochote. Hakuwa na kiti katika baraza, wala hakuhesabiwa miongoni mwa warithi. Alikuwa mjukuu wa mfalme aliyeandikwa katika daftari la mji wa Hamburg kama mtoto wa mfanyabiashara.

Wasomaji wetu wa Kondoa wasidhani kuwa habari hii ya pwani na Ulaya haiwahusu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Ugogo na ilifika Kondoa, ikitafuta pembe za ndovu na kuchukua watumwa. Mali iliyokusanywa njiani humo ilishuka hadi bandarini, na ushuru wake ndio uliojenga majumba ya Unguja. Kwa hiyo nyumba alikotoka mama wa mtoto huyu ilijengwa pia kwa jasho la watu wa bara.

DAMU YA MFALME NA DAMU YA MTUMWA

Seyyid Said alifariki dunia baharini mwaka 1856. Miongoni mwa watoto wengi aliowaacha alikuwako binti mmoja, Salme, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Mama wa Salme, Jilfidan, hakuwa binti wa mfalme. Alikuwa Msirkasi, mtu wa milima ya Kaukasi, ambaye vita vilimwondolea wazazi wake angali mtoto, naye akauzwa utumwani hata akafika katika nyumba ya Sultani akiwa suria.

Basi hapo mwanzo kabisa hadithi ya nasaba yaanza kuvunjika. Rudolph, mjukuu wa mfalme, alikuwa pia mjukuu wa mtumwa. Damu hizo mbili zilikuwa ndani ya mwili mmoja, wala hapana tabibu awezaye kuzitenganisha. Wanaojivunia nusu moja ya nasaba yao hunyamaza juu ya nusu ya pili; lakini ukweli haupungui kwa kunyamaziwa.

Salme alisoma chuoni ndani ya jumba, kama walivyosoma ndugu zake. Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi watoto wa Sultani walivyoanza kusoma wakiwa na umri wa miaka sita au saba, wameketi mkekani mbele ya mwalimu mwenye fimbo, wakihifadhi Kurani. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulionekana si jambo la mwanamke. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumiwa badala ya ubao, akawa anaiga kwa siri herufi za Kurani mpaka mkono wake ukazoea.

Elimu ile ya wizi ilimletea heshima na ilimletea balaa. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipofanya njama ya kumwondoa Seyyid Majid katika utawala, Salme, aliyekuwa kijana wa miaka 15, alifanywa mwandishi wa barua za njama hiyo, kwa sababu alijua kuandika. Njama ilishindwa. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akabaki akitazamwa kwa jicho baya na jamaa wa pande zote mbili.

Katika mji wa Unguja alijuana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, naye akashika mimba. Hilo lilikuwa jambo zito sana kwa binti wa Sultani, Mwislamu asiyeolewa. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akafikishwa Aden. Huko alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mwezi wa Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, akafunga ndoa siku ile ile, na safari ya kwenda Ujerumani ikaanza. Mtoto yule mchanga alikufa kabla ya kufika.

MTOTO WA MJANE

Katika Hamburg walizaliwa watoto watatu: Antonie Thawka mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie Ghuza mwaka 1870. Msomaji na ayaangalie majina hayo. Kila mtoto alipewa jina la Kizungu la kuitiwa mitaani, na nyuma yake jina la Kiarabu la kukumbukia. Mama aliyepoteza nchi, lugha na ndugu zake alikuwa bado ameficha kitu kidogo cha kwao katika majina ya wanawe.

Mwezi wa Agosti 1870 baba wa watoto hao alipatwa na ajali ya gari la reli la mjini lililovutwa na farasi, akafa. Rudolph alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama yake alikuwa na miaka 26 kasoro siku chache, katika nchi ambayo bado hakuijua vema lugha yake wala sheria zake. Madai yake ya urithi wa mumewe yalikataliwa na wakubwa wa huko, na mali iliyosalia ikazidi kupungua.

Mama huyo ilimpasa kutafuta maisha ya unafuu. Alihama Hamburg akaishi Dresden, kisha Rudolstadt, kisha Berlin. Alifundisha Kiarabu ili apate fedha. Yule aliyekuwa na watumishi wa kumfunga viatu sasa alijifunza kupika, kufua na kuhesabu senti kabla ya kwenda sokoni. Watoto wake hawakulelewa katika jumba la mfalme; walilelewa na mwanamke mfanyakazi.

Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani wa Unguja, alizuru London. Salme alivuka bahari akamfuata, akitumaini kupatana naye na kuwatafutia wanawe haki yao. Hakuonana naye. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, wakubwa wa Kiingereza walimshauri aache kuonana na ndugu yake, nao wangeyaangalia masilahi ya watoto wake. Aliwaamini, akarudi Ujerumani, na ahadi ile haikutimizwa. Hapo twaona jinsi elimu ya watoto watatu ilivyowekwa mezani na kupigiwa mnada kama bidhaa, na mwuzaji akaondoka mikono mitupu.

MASOMO MAWILI

Rudolph alipata masomo ya namna mbili, na masomo hayo mawili yalivutana ndani yake maisha yake yote.

Somo la kwanza lilikuwa la serikali. Alipelekwa katika shule ya makadeti, shule ya kuwaandaa wavulana kuwa maofisa wa jeshi la Prussia. Shule za namna hiyo zilimchukua mtoto angali mdogo, zikamvika sare, zikamwamsha kwa tarumbeta, na kumfundisha kwamba amri hutoka juu na utii hutoka chini. Mjukuu wa Sultani wa Unguja akafunzwa kuwa askari wa mfalme mwingine kabisa. Hatimaye akawa ofisa.

Somo la pili lilikuwa la mama yake. Salme aliona kuwa watoto wake walijua kidogo mno juu ya asili yake, na kwa kuwa alikuwa mgonjwa na mnyonge, aliogopa asije akafa kabla hawajawa wakubwa wa kumwelewa. Ndipo akaanza kuwaandikia kumbukumbu za maisha yake: nyumba ya Mtoni, baba yake, mama yake, sikukuu, chuo, fimbo ya mwalimu, na mfupa wa ngamia. Maandishi hayo yalichapishwa kuwa kitabu katika Berlin mwaka 1886, yakasomwa katika nchi nyingi. Lakini hayakuanza kama kitabu cha ulimwengu. Yalianza kama somo la mama kwa watoto watatu. Mkono ule ulionyimwa kalamu utotoni ndio uliowaandikia wanawe historia yao.

Hatusemi kwamba kila neno la somo lile lilikuwa jema. Katika kitabu hicho Salme, ambaye mama yake mwenyewe aliuzwa utumwani, aliutetea utumwa wa nchi za Kiarabu na kuwalaumu waliotaka kuukomesha upesi. Jambo hilo lasikitisha, nasi hatuwezi kulipita kimya, maana waliouzwa kwa hesabu hiyo ni pamoja na babu zetu wa bara. Kujua kuandika ni jambo moja. Kuona vema kutoka mahali ulipoketi ni jambo jingine. Mtu aweza kusoma sana na bado akaitazama dunia kwa dirisha la nyumba aliyozaliwa.

KIJANA KATIKA MIKONO YA WAKUBWA

Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters na wenzake waliingia Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami wakiwa na karatasi za mikataba, na mwezi wa Februari 1885 Serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Seyyid Barghash alipinga, akisema nchi hizo ni zake. Wenye nchi wenyewe, yaani watu walioishi humo, hawakuulizwa na upande wowote.

Ujerumani ilipeleka manowari zake Unguja mwezi wa Agosti 1885. Wakati huo huo ilimchukua Salme pamoja na watoto wake kwa meli iitwayo Adler, ikawafikisha Unguja. Rudolph alikuwa na umri wa miaka 16. Kwa mama, safari ile ilikuwa ya kurudi nyumbani baada ya miaka 19, na ya kudai urithi. Kwa Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, ilikuwa silaha moja zaidi ya kumbana Barghash: huyu hapa mwanamke raia wetu anayedai haki, na huyu hapa mwanawe. Minong'ono ikaenea kwamba pengine Wajerumani walikusudia kumfanya kijana yule Sultani siku moja.

Barghash akasalimu amri mbele ya mizinga, akaitambua himaya ya Wajerumani. Na mara Ujerumani ilipopata nchi, haja ya Salme na watoto wake ilikwisha. Watu wa mjini walimshangilia mitaani, lakini ndugu yake alikataa kumwona, na madai yake hayakufika popote. Wahenga walisema: fahari wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi zilikuwa pande mbili: huku bara nzima iliyotiwa chini ya bendera ngeni, Kondoa na Busi ndani yake, na kule mjane na watoto wake waliotumiwa kisha wakaachwa.

Twauliza basi: damu ya kifalme ilimfaa nini kijana huyu? Ilimfanya apakiwe melini kama karata ya mchezo. Cheo hakupata, urithi hakupata, na nchi ya mama yake aliiona chini ya kivuli cha mizinga ya nchi ya baba yake.

ALICHOKIFANYA MWENYEWE

Maisha ya Rudolph ya baadaye twayapitia kwa ufupi. Aliacha jeshi, akaenda Mashariki ya Kati. Alifanya kazi katika reli ya Misri, kisha akawa mkurugenzi wa tawi la benki ya Kijerumani mjini Cairo. Mwaka 1901 alimwoa Maria Theresa Mathias, mwanamke wa jamaa ya Kiyahudi, na mwaka 1910 wakahamia London. Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914 kati ya nchi ya baba yake na nchi aliyokuwa akiishi, yeye aliyelelewa kuwa ofisa alikuwa miongoni mwa waliotaka amani. Vita hivyo hivyo vilifika katika nyanda zetu: mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliiteka Kondoa, na mwezi wa Mei damu ikamwagika katika vilima vyake.

Salme alifariki dunia mwezi wa Februari 1924 katika mji wa Jena, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa Unguja. Miaka 5 baadaye, mwaka 1929, Rudolph alitoa mjini London kitabu cha historia ya babu yake, Said bin Sultan. Mwaka 1934, Hitler akiwa amekwisha kutwaa madaraka Ujerumani, alichukua uraia wa Kiingereza. Mwaka 1937 vitabu na karatasi za jamaa yake zilikabidhiwa chuo cha taaluma za Mashariki katika Leiden, Uholanzi, ambako wenye kutafiti wamezitumia. Alifariki dunia Uswisi mwaka 1946.

Hapo ndipo twauona urithi wa kweli. Hakuachiwa shamba la karafuu hata moja. Aliachiwa maandishi, nayo aliyatunza na kuyaongeza. Mfupa wa ngamia wa mwaka wa 1850 na ushei ulizaa kumbukumbu za 1886, na kumbukumbu zikazaa kitabu cha 1929 na hazina ya Leiden. Mfululizo huo haukupita katika damu. Ulipita katika kalamu, na aliyeishika kalamu kwanza alikuwa msichana aliyekatazwa.

NA MTOTO WA BUSI JE?

Nchi yetu nayo ilipata kuwa na shule zilizochagua kwa damu. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa kwanza kwa watoto wa machifu, ili wawe watawala wadogo chini ya Mwingereza. Walimu wake walikuwa hodari, na waliotoka humo wengi waliitumikia nchi vema. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma hapo. Lakini tujiulize ni watoto wangapi wa wakulima, wenye akili sawa au zaidi, waliobaki wakichunga mbuzi kwa kuwa baba zao hawakuwa na cheo.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika, na mwezi wa Januari 1964 usultani ukaondolewa Unguja. Tangu hapo kila mjukuu wa mtawala wa jadi katika nchi yetu amezaliwa raia kama wengine. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Uhehe aliyepambana na Wajerumani, alikuwa chifu. Lakini heshima iliyodumu naye ni ile ya Spika wa Bunge, kazi aliyoishika tangu mwaka 1962, na ambayo hairithiwi na mtoto.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977. Ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudi baadaye, ilifutwa mwaka 2001. Ile ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hizo ni hatua kubwa. Lakini sheria hufungua mlango tu. Haimbebi mtoto mpaka ndani. Msichana anayebakizwa nyumbani kuteka maji wakati kaka yake yuko darasani ni dada wa Salme, aliyeruhusiwa kusoma akakatazwa kuandika. Tofauti ni kwamba Salme alikuwa na nafasi ya kujificha na mfupa wake. Msichana mwenye ndoo kichwani hana nafasi hiyo.

Hivyo twawaomba wazazi, walimu na wafanyakazi wenzetu, katika Busi na kwingineko, wasiache kumwuliza mtoto ni wa nani, maana asiyejua kwao ni mtumwa. Rudolph mwenyewe alitumia maisha yake kutafuta jibu la swali hilo. Lakini wakishamwuliza hilo, wasimwache aende zake. Wamwulize na la pili: amejifunza nini leo, na daftari lake liko wapi. Kama hana daftari, basi swali hilo limetugeukia sisi wakubwa, nasi ndio tunaopaswa kulijibu.